Kalamu za wino zenye majina ya nyumba za mitindo: ni kalamu kweli au ni mapambo?

BintiWaTanga (Brussels)

Wakuu, salamu zenu. Nina swali, ila halitaeleweka bila kisa chake, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Mimi ni fundi cherehani. Kwetu Tanga, lakini huu ni mwaka wa kumi na moja niko Brussels, nashona na kurekebisha nguo kwenye chumba kidogo Ixelles, si mbali na Matonge. Miaka mitatu iliyopita mama mmoja mtu mzima aliniletea koti la marehemu mumewe nilipunguze mabega limkae mjukuu wake. Nilipofumua bitana ya upande wa kushoto, kitu kikadondoka mezani. Kalamu ya wino. Mfuko wa ndani ulikuwa umetoboka pembeni, kalamu ikapenya, ikalala kati ya bitana na kitambaa miaka yote hiyo. Nyembamba, rangi ya dhahabu, imechorwa mistari ya kushuka juu hadi chini kama kitambaa cha kodrai. Kwenye kifuniko imeandikwa Dunhill, na kwa herufi ndogo sana W. Germany. Upande wa pili wa kifuniko kuna herufi mbili za jina la mwenyewe na tarehe: 14.6.82.

Nikampigia simu yule mama, akaja siku hiyo hiyo. Aliishika, akaifungua, akaifunga, kifuniko kikalia tak, akatabasamu. Alisema mumewe aliitafuta mwaka mzima akidhani imeibiwa ofisini. Kisha akanirudishia mkononi. Macho yake hayamruhusu kuandika tena, na mjukuu anaandika kwa simu. "Wewe uliyeiona ndiye uitumie."

Basi kalamu hiyo imeniingiza kwenye mambo ambayo sikuyatarajia. Nimekuwa mtu wa kuamkia soko la Place du Jeu de Balle kule Marolles. Soko lile la vitu vya zamani lipo uwanjani pale tangu 1873, na kila siku ya Mungu asubuhi watu wanamwaga chini vyombo vya nyumba zilizofungwa: vijiko, picha za harusi, redio, masanduku ya vifungo. Mimi naenda Jumanne au Alhamisi, kabla sijafungua kazi, kwa sababu mwisho wa wiki wageni wanakuwa wengi na bei inapanda. Wenzangu wanaopenda kalamu wanatafuta Parker, Pelikan, Waterman. Mimi mkono wangu unakwenda kwenye majina ninayoyajua kutoka kwenye lebo. Nina Must de Cartier iliyopakwa laka, yaani rangi ngumu inayong'aa, ya damu ya mzee, yenye pete tatu za rangi tatu karibu na mdomo wa kifuniko, niliyoipata kwa euro 35 ndani ya sanduku la vijiko. Nina Yves Saint Laurent nyeusi, nina Christian Dior, nina Pierre Cardin ya chuma. Nguo zenye majina haya nimezifumua na kuzifunga tena kwa miaka, najua koti linalobeba jina fulani ndani limeshonwa vipi, wapi kuna mkono wa mtu na wapi kuna gundi tu. Kwa hiyo nikiona jina lile lile kwenye kalamu, swali linalonijia ni la fundi: hii nani aliishona?

Sasa shida. Wiki mbili zilizopita nilizipeleka zote kwa fundi kalamu mmoja, simtaji wala duka lake. Hakuzifungua. Alizitazama mezani akasema hizi ni mapambo ya mfukoni, si kalamu, na mkusanyaji wa kweli hapotezi muda nazo. Halafu akasema yuko tayari kunipa Parker 51 moja, nzima, badala ya zote pamoja na ile ya Dunhill. Nilitoka nikiwa nimeumia, lakini pia na wasiwasi, kwa sababu mtu yule anajua mengi kunishinda.

Ninachouliza: kuna ukweli katika maneno yake? Na je, ya Cartier imebanduka laka kidogo mdomoni mwa kifuniko, kama punje ya ufuta, chini yake shaba inaonekana. Niitengeneze au niiache? Na yale mabadilishano, mngekuwa ninyi mngefanyaje?

---

MzeeKilindini (Mombasa)

Mwanangu, usibadilishane na mtu ambaye hakufungua kifuniko. Hilo kwanza.

Mimi nimeandika kwa kalamu ya wino tangu 1964. Nimefanya kazi ya hati za mizigo bandarini miaka thelathini na mbili, na kwa wakati huo kalamu ilikuwa jembe langu. Parker 51 ninayo, naipenda, na nitakwambia ilivyo: ilianza kuuzwa 1941, nibu yake, ile ncha ya chuma inayoandika, imefichwa ndani ya gamba ili wino usikauke, na ikatengenezwa kwa mamilioni mpaka miaka ya 1970. Ni kalamu bora mno. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya kutengenezwa kwa mamilioni, ukiitaka kesho utaipata, na keshokutwa utapata nyingine. Kalamu tano kwa Parker 51 moja si biashara, labda kama anakupa na cherehani juu.

Kuhusu neno lake la mapambo, kuna jambo la kihistoria ndani yake, nalo halikutokea hewani. Mwisho wa 1950 Wafaransa wakatoa peni ya Bic, ile ya plastiki inayoonyesha ndani kama kioo, ya bei ya mkate. Ndani ya miaka kumi na tano hivi karani hakuwa tena na haja ya kalamu ya wino. Shule zikaziacha, ofisi zikaziacha. Waliokuwa wakiziunda wakabaki na mashine, na mafundi wanaojua kupasua nibu ya dhahabu kwa unene wa unywele, na wanunuzi wanapungua. Wafanye nini? Wakaiuza kalamu kama saa, kama kifungo cha mkono wa shati: kitu cha kuonekana mfukoni. Hapo ndipo wenye majina makubwa ya nguo na vito walipokuta mlango wazi. Hata kabla yake Wamarekani waliianza njia hiyo: Sheaffer mwaka 1958 walitoa Lady Sheaffer, kalamu za wanawake zenye nakshi za kuiga vitambaa, tuli, twidi, na kodrai hiyo hiyo uliyoitaja. Ningekuwa fundi cherehani kama wewe, hizo ndizo ningezitafuta usiku na mchana.

Kwa hiyo zilitengenezwa ziwe pambo, ndiyo. Lakini kwamba si kalamu, hilo halisemwi kwa macho. Kuna jaribio la siku tatu ambalo mimi nalifanyia kila kalamu inayoingia nyumbani kwangu. Isafishe, ijaze wino wa kawaida wa kalamu, andika ukurasa mzima bila kupumzika. Kama wino unakatika katikati ya mstari au unamwagika, utaona. Ifunge, ilaze, usiiguse siku tatu. Siku ya nne ifungue uandike jina lako bila kuitikisa. Ikiandika kuanzia herufi ya kwanza, hiyo ni kalamu, na iwe imeandikwa jina la sultani au la muuza samaki. Nyingi katika zile nyembamba za miaka ya 70 na 80 hushindwa siku ya nne kwa sababu kifuniko hakibani hewa.

Kusafisha: maji ya baridi, si ya moto hata ukiona wino umegoma. Maji ya moto hupinda plastiki na yanaweza kuachanisha gundi. Spiriti usiithubutu, inakula plastiki. Tia sehemu ya nibu kwenye bilauri, iache usiku kucha, badilisha maji, rudia hata siku nne tano. Usiwahi kutia wino wa kuchorea wala wino wa Kihindi, ule una gundi ndani yake na ukikauka umezika kalamu. Na maji ya kwanza usiyamwage haraka. Tazama rangi. Utajua mwenyewe alikuwa akiandika kwa wino gani.

---

BintiWaTanga (Brussels)

Shikamoo mzee. Nashukuru sana. Sikuwa nimezisafisha hata moja, nilikuwa naogopa kuziharibu, kwa hiyo nazikusanya miaka mitatu bila kuandika nazo. Usiku huu zinaingia majini, naanza na ya Dunhill. Siku ya nne nitaleta majibu.

---

SonaraWaMatrah (Maskati)

Dada, asalaam aleikum. Mzee wetu amesema vizuri juu ya wino, mimi nitasema juu ya chuma, maana hiyo ndiyo kazi yangu na ya baba yangu aliyeianzia Unguja. Hapa Ghuba kalamu hizi ni zawadi za harusi na za kuhitimu, zinakuja dukani kwangu zikiwa kwenye visanduku vyao, nyingi hazijawahi kuguswa na wino.

Swali lako la "nani aliishona" ndilo swali lenyewe. Nyumba ya nguo haina mashine ya kupasua nibu. Inaleta mchoro, rangi na jina. Kalamu inaundwa na watu wa kalamu ambao jina lao halipo kwenye kifuniko. Kwa hiyo usisome kifuniko. Chukua kioo cha sonara, soma nibu, soma ndani ya mdomo wa kifuniko, soma chini ya kibanio, kisha toa mwili na utazame tundu linapoingia katriji, kile kijibomba cha wino.

Anza na ya Dunhill. Maneno W. Germany yana maana ya Ujerumani Magharibi, nchi ambayo ilikwisha Oktoba 1990, kwa hiyo hata bila ile tarehe ya 82 ungejua ni ya kabla ya hapo. Na kwa nini duka la London liandike Ujerumani? Kwa sababu mwaka 1977 Dunhill walinunua hisa nyingi za Montblanc, waunda kalamu wa Hamburg. Ukishika Dunhill ya Kijerumani ya miaka hiyo umeshika kazi ya mikono ya watu wa Montblanc. Ningependa kumwona yule fundi akisema mbele yako kwamba Montblanc ni pambo la mfukoni. Tazama nibu: ikiwa imeandikwa 585 ni dhahabu ya karati 14, ikiwa 750 ni ya karati 18.

Na Dunhill hawakuanza mchezo huo 1977. Alfred Dunhill alirithi karakana ya baba yake ya matandiko ya farasi London mwaka 1893, akaona magari yanakuja, akageukia makoti ya ngozi na vifaa vya wenye magari. Mwaka 1930 wakafanya mkataba na Namiki wa Japani, hao ambao leo tunawaita Pilot, jina walilolichukua 1938. Namiki walikuwa na tatizo: kalamu zao ziliundwa kwa eboniti, mpira mgumu, na eboniti ikikaa juani hupauka ikawa kama kahawa iliyotiwa maziwa. Wakaanza kuipaka laka ya utomvu wa mti, tabaka juu ya tabaka, kisha mafundi wao wakainyunyizia vumbi la dhahabu laka ikiwa bado mbichi, wakachora samaki, korongo, majani ya mianzi. Dunhill wakaziuza Ulaya zikiwa na majina yote mawili, Dunhill-Namiki. Hizo leo huuzwa kwenye minada kwa bei ya gari, na hakuna anayeuliza kama ni kalamu. Nimeshika moja tu maishani mwangu, kwa dakika kumi, mteja akiwa amesimama ananiangalia mikono. Samaki wa dhahabu alikuwa na magamba ambayo unayahisi kwa ncha ya kidole kabla hujayaona.

Ya Cartier: pete tatu hizo ni alama yao tangu 1924, dhahabu ya njano, ya waridi na nyeupe. Must ni mstari walioufungua 1973, vitu vya Cartier kwa bei ambayo mtu wa mshahara anaweza kuifikia akijibana. Euro 35 ni bei ya kukutilia shaka, kwa hiyo ikague. Tafuta namba yake iliyochongwa. Iwe imeingia ndani ya chuma, herufi zimesimama sawa, kina kimoja. Kwenye bandia herufi huwa zimevimba pembeni au zimefifia kana kwamba zimepigwa chapa. Pete ziwe tatu kweli zenye mipaka, si chuma kimoja kilichopakwa rangi tatu. Ukikuta maneno ya Kifaransa plaqué or, ni dhahabu ya juu juu. Kitu cha dhahabu tupu ya karati 18 kilichoundwa Ufaransa kingekuwa na muhuri wa kichwa cha tai, mdogo kuliko kichwa cha pini.

Laka iliyobanduka, dada, iache. Nakuomba iache. Nimeletewa kalamu nyingi zilizojazwa kwa rangi ya kucha, na kila moja ilikuwa na bei zaidi kabla ya kujazwa. Laka haizibwi kama tundu. Ili doa lisionekane, lazima kifuniko chote kivuliwe kipakwe upya, na hapo huna tena kalamu ya zamani. Zuia tu lisienee: usiifunge kwa kuigongagonga, usiiweke mfuko mmoja na funguo, na usiisugue kwa dawa ya kung'arisha shaba, ile inalamba dhahabu ya juu juu kama mbuzi anavyolamba chumvi.

Na zile herufi mbili na tarehe kwenye Dunhill: watakwambia zinapunguza thamani, nenda ukazifute. Sokoni zinapunguza, ni kweli. Mimi kama sonara nakataa kuzifuta kalamu za namna hiyo, hata nikilipwa.

---

DaftariKubwa (Dar es Salaam)

Wakuu, naomba kuuliza kidogo. Pierre Cardin mbona zipo madukani huku, mpya kabisa, kwa bei ya kawaida? Niliwahi kupewa seti kwenye semina. Ndizo hizo hizo anazokusanya dada au ni kitu kingine? Nami navutiwa ila sina euro.

---

MtuWaBukavu (Paris)

Jambo ndugu zangu wote. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Paris, na Jumamosi asubuhi huwa ninatembea soko la Porte de Vanves, kwa hiyo nitajibu kidogo.

Ndugu DaftariKubwa, Pierre Cardin ndiye aliyeupeleka mbali kuliko wote mchezo wa kukodisha jina. Dior walikwisha anza na soksi za wanawake kule Marekani miaka ile baada ya vita, lakini Cardin akalitia jina lake kwenye manukato, vyombo vya jikoni, mito, saa, tai, mamia ya leseni mpaka alipofariki Desemba 2020 akiwa na miaka 98. Leo kalamu zenye jina hilo zinaundwa India na kampuni ya Flair kwa leseni. Ni kalamu za halali, lakini hazina ukoo na zile za miaka ya 70 isipokuwa jina. Kwa mkusanyaji hilo ndilo gumu kuliko yote kwenye majina haya: jina ni moja, mikono ni kumi. Ya kwanza inaweza kuwa na nibu ya dhahabu, ya pili ya chuma cha pua, ya tatu bati tupu, na kwenye kifuniko zote zinafanana.

Dada, nikuongezee mbili za kutafuta. Mwaka 1988 Louis Vuitton walimwita Gae Aulenti, yule mama msanifu majengo wa Italia aliyegeuza kituo cha treni cha Orsay kuwa makumbusho hapa Paris, awabunie saa na kalamu. Saa zake zinajulikana na zinagombaniwa. Kalamu watu wanaipita. Na ya pili si ya zamani lakini itakuwa: Hermès mwaka 2014 walitoa Nautilus, umbo la mbunifu Marc Newson, kalamu isiyo na kifuniko, nibu inajitokeza ukizungusha. Waliomwundia ni Pilot, ambao kalamu ya nibu ya kuingia na kutoka wamekuwa wakiijenga tangu 1963. Unaona, kutoka Dunhill 1930 hadi Hermès 2014, Ulaya inaleta jina na mlango wa kugonga ni ule ule wa Japani.

Sikubaliani na sonara kwenye jambo moja. Laka ikibanduka mpaka shaba ikawa wazi, jasho la mkono litaingia chini na kuinua iliyobaki. Mimi hupaka nta ya nyuki kidogo sana kwa kijiti, kwenye doa tu. Haionekani, na siku ukitaka unaitoa kwa kitambaa.

---

SonaraWaMatrah (Maskati)

Nta nakubali. Nilikuwa nasema juu ya rangi. Nta inatoka, rangi haitoki.

---

BintiWaTanga (Brussels)

DaftariKubwa, usianze na majina. Anza na kalamu ambayo tundu lake la katriji ni lile la kawaida la kimataifa, milimita mbili na nusu, maana utapata wino popote, na ukishazoea kushika nibu mikono itakuambia inachotaka. Mimi nilianza kinyume, nikajikuta na kalamu tano nisizozijua.

Sasa majibu. Nimechelewa siku mbili, kulikuwa na nguo za harusi.

Nimezifungua zote kwa kioo alichosema sonara. Nibu ya Dunhill ni 585. Cartier ina namba, imechongwa kina kimoja, na pete ni tatu kweli, nimepitisha sindano kwenye mipaka nikaihisi. Nibu yake 750. Doa nimelipaka nta ya nyuki, ile ile ninayopitishia uzi wa kushonea vifungo. Sikuwa na haja ya kununua. Zilizobaki, moja nibu yake ni ya chuma cha pua na inaandika kuliko zote, laini kama mkasi kwenye hariri. Nyingine ilikauka siku ya nne kama mzee alivyobashiri, sitaitaja, maana sijui imepita mikononi mwa nani kabla yangu. Hiyo naibakisha kwa ajili ya kifuniko chake tu, na sioni aibu.

Lakini nataka kuwaambia ya Dunhill.

Nilitia sehemu ya nibu kwenye bilauri saa tatu usiku. Kwa dakika kama ishirini hapakuwa na kitu. Halafu ukatoka uzi mmoja mwembamba kutoka kwenye ufa wa nibu, ukashuka wima mpaka chini, ukajikunja. Zambarau. Si bluu, si nyeusi. Asubuhi maji yote yalikuwa rangi ya zabibu. Nikakumbuka neno la mzee, sikuyamwaga. Niliyaacha kwenye kisahani dirishani yapungue, siku mbili, yakabaki kama vijiko viwili, mazito kidogo. Nikampigia yule mama nikamuuliza mumewe alikuwa akiandika kwa wino wa rangi gani. Alinyamaza, kisha akasema nimejuaje kumuuliza hivyo, kwa sababu ofisi nzima walimjua kwa wino wake wa zambarau, na hata barua za uchumba ziliandikwa kwa huo.

Alikuja Jumatano na mjukuu. Nikaichovya kalamu kwenye kisahani nikampa. Alisema macho hayaoni, nikamwekea karatasi chini ya taa ya cherehani. Aliandika jina la mumewe, mara moja, kwa rangi hafifu kama iliyofuliwa. Tulingoja ikauke. Akaikunja karatasi akaitia kwenye pochi, hakusema neno, na mimi sikusema.

Yule mjukuu amekua. Koti nililompunguzia miaka mitatu iliyopita limembana mabega, na ndilo lililowaleta siku hiyo kwa kweli. Kwa bahati nilibakiza akiba ndani ya mshono, sentimita mbili kila upande. Nimeijaza kalamu wino mpya, nimefungua daftari la vipimo, na hivi ndivyo ilivyoandika, bila kukatika, kuanzia herufi ya kwanza: bega 46, kifua 98, mkono 64, bitana ibadilishwe, mfuko wa kushoto uzibwe.

Kwa fundi wa Parker nimepeleka ujumbe kwamba kalamu haziuzwi.